Kitabu Kilichosomwa kwa Kulia

Wifi yangu amekwisha kufa, na mpaka leo wapo watu wanaotaka nimtaje kwa wema. Huniambia marehemu hasemwi. Mimi namsema. Alipokuwa hai alinisema mbele yangu na nyuma yangu, akanisema kwa kaka yake na kwa watoto wa mtaa mzima, na kubwa kuliko yote alininunulia kitabu. Kwenye matanga yake nilipika, nikagawa kahawa, nikaosha masufuria ya watu, kisha nikarudi nyumbani na macho yangu makavu.

Mambo yenyewe ni ya miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, Bagamoyo, mtaa wa Dunda. Mimi kwetu ni Mbegani. Niliolewa Dunda na fundi cherehani aliyefiwa na mke, mtu mpole, tena aliyesifiwa kwa upole wake. Mimi niliyekaa naye ndani najua upole ule ulikuwa kitu gani. Ulikuwa uvivu wa kugombana. Dada yake akisema neno, yeye huinamia cherehani yake pale barazani, hutafuta uzi, husema, "Sawa, dada." Na mimi nikisema neno lililo kinyume cha lile, huniambia, "Sawa, mke wangu." Nyumba nzima iliendeshwa kwa sawa hizo mbili, na hapakuwa na lililokuwa sawa.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Mamake alikufa mtoto hajapata akili ya kumkumbuka. Nilipoingia nyumba ile hakuniita chochote. Akitaka maji alisimama kando ya mtungi mpaka nimwone. Akiona njaa alikaa karibu na mafiga akatazama chungu. Siku moja nilimsikia uani akimwambia mwenzake, "Kamuulize yule aliyemo ndani." Sikumkemea. Lakini nasema kweli, nilitaka aniite mama, nililitaka neno lile kuliko kanga zote zilizokuwamo ndani ya sanduku langu, na kila siku iliyopita bila ya kulisikia ilinichoma.

Wifi aliishi Dar es Salaam, mumewe akiwa karani. Yeye mwenyewe alisoma skuli, na hakuacha mtu asahau kwamba alisoma. Alikuja kwa basi, na mkoba wake wa mkononi, na kabla hajaketi humwita mtoto akamkagua, nywele, kucha, nyuma ya masikio, kisha hupita jikoni akafunua vyungu vyangu. Alimuuliza kaka yake, na mimi nimesimama papo hapo na sahani ya chakula chake yeye mgeni, "Huyu mtoto anakula?" Mume wangu akajibu kwamba anakula. "Anakula nini?" Kama kwamba nilikuwa nampa makumbi.

Alikuwa na lake. Alitaka kumchukua mtoto. Hakulificha hata kidogo. "Mtoto wa kaka yangu hatakulia mikononi mwa mama wa kambo," alisema, na lile neno kambo alilibana kwa meno kabla ya kulitoa. Mume wangu akamwambia, tutaona, dada. Basi mimi nikawa naishi ndani ya tutaona hiyo, nikipika, nikifua, nikisuka nywele za mtoto ambaye saa yoyote angeweza kufungiwa nguo zake akapandishwa basi.

Ndipo akaleta kitabu. Kilikuwa kikubwa, chembamba, na picha za rangi ukurasa mzima, za watu wa Ulaya, na chini ya kila picha mistari michache ya maandishi. Akanipa mkononi mwangu mimi, si mwa mtoto. "Msomee mtoto, wifi. Kina mafunzo." Na akatabasamu. Nikamshukuru. Nikamshukuru tena kesho yake alipoondoka, na ninapokumbuka shukrani zile mpaka leo nataka kutema mate.

Kusoma nilikuwa najua, watu wasije wakadhani vingine. Chuoni kwetu Mbegani nilihitimu juzuu na msahafu, na Kiswahili nikikiandika kwa herufi za Kiarabu vizuri tu, hata majirani walioachwa na waume zao safarini walinijia niwaandikie. Herufi za kizungu ndizo nilizokuwa sizijui. Kumwambia wifi kwamba sizijui, hilo lisingetoka mdomoni mwangu hata kwa bakora. Nikasema moyoni kwamba picha zinatosha. Nikakaa ukumbini na mtoto, wakaja na watoto wa jirani, nikakifungua kitabu kama nilivyofungua vitabu vyote maishani mwangu, kutoka kulia.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mwenye ushungi mwekundu, yuko nje na bunda lake mkononi, na nchi yote imekuwa nyeupe. Nyumba iko nyuma yake, mlangoni amesimama mwanamume kanyoosha mkono, dirishani mtoto anachungulia. Weupe ule niliujua mara moja. Kwetu sisi nchi ikiwa nyeupe ni chumvi, wala hapana mtoto wa Bagamoyo asiyeyaona mashamba ya chumvi jua likiyakausha. Nikaanza: palikuwa na mwanamke aliyetoka mbali, akavuka mashamba ya chumvi kutafuta watu wa kukaa nao. Mtoto mmoja wa jirani akauliza mbona kaipa nyumba mgongo. Nikamjibu bila ya kumeza mate kwamba upepo wa chumvi unauma macho, kwa hiyo mwanamke yule alikuja kinyumenyume, na huyo bwana mlangoni anamwonyesha pa kutua mzigo.

Picha ya pili, mtoto wa kike kavaa nguo inayong'aa dhahabu, na mwanamke kamwachamia kinywa wazi. Nikasema anamwambia mashallah. Ya tatu, msituni kando ya kisima, mtoto na bibi kizee wameishika ile nguo ya dhahabu, mmoja anampa mwenzake. Nikasema mtoto kamwona kizee anatetemeka kwa baridi, kamvulia nguo yake. Ya nne, mtoto kavaa matambara, kabeba ndoo inayomwaga maji kila upande, na yule mwanamke kamnyooshea kidole. Watoto wakasema anagombezwa. "Hagombezwi," nikawaambia, "anaelekezwa. Ndoo hiyo imetobolewa kwa makusudi, ni ya kumwagilia. Anaambiwa, mwaga hapa, haya, sasa mwaga pale." Ya tano, mtoto kapiga magoti mbele ya tuta la udongo lenye maua juu yake. Hapo hata sikufikiri. Tuta la muhogo. Watu wa Kiwangwa wanalima matuta ya namna hiyo mpaka macho yanachoka. Anapalilia, nikasema, na muhogo umeshatia maua.

Na ya mwisho ilikuwa meza, na bakuli linalofuka moshi, na mwanamume, na mtoto, na mwanamke wa ushungi mwekundu, wote watatu wanacheka. Kwa macho yangu mwanamke alikuwa yule yule. Ushungi ni ule, pua ni ile. "Muhogo umeiva," nikasema. "Yule aliyekuja mgeni sasa kakaa mezani na wenyewe, na mtoto anamwita mama."

Sikulisema kwa ujanja. Niliona ndivyo picha zinavyokwenda. Lakini watoto walikipenda kitabu kile, wakaja kila siku baada ya chuo, wakabishana ndani ya bakuli mna muhogo wa nazi au wa samaki. Bibi mmoja jirani yetu alinijia juu kwa hilo. Alisema hadithi hazitolewi mchana, watoto wataota mikia. Nikamwambia picha hazionekani kwa koroboi, na kama mkia utaota basi tutaufuga. Watoto walikuwa wakienda nyuma ya nyumba kujipapasa matakoni.

Mtoto wangu alikaa karibu nami kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye mwenye kitabu. Alijifunza hadithi yote, akawa ananitangulia. Na siku moja, nilipokuwa nakuna nazi, alikuja kusimama kando ya mtungi kama desturi yake, nami nikajifanya sikumwona. Nikasikia, "Mama, maji." Nikamtilia maji. Niliogopa nikisema kitu neno lile litaruka. Kuanzia siku ile lilikuwa mama, nguo yangu iko wapi, mama, kuku kaingia ndani, na nyumba ile niliyoichukia ikaanza kukalika.

Wifi alirudi Jumamosi moja, mchana. Mume wangu alikuwa barazani kwake anashona, sisi tuko ukumbini na kitabu, watoto wamejaa mkekani. Hakupiga hodi. Alisimama mlangoni akasikiliza kutoka chumvi mpaka muhogo. Nilipomaliza alicheka mpaka akashika kizingiti.

"Shikamoo, shangazi," mtoto akasema.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akanigeukia mimi. "Wifi, kitabu umekishika matako mbele. Hiki si juzuu. Maandishi haya yanaanza kushoto. Wewe unakisoma kwa kulia, na utalia kweli."

Watoto wakacheka naye, kwa kuwa mtu mzima kataja matako. Akanipokonya kitabu, akakaa juu ya mkeka wangu, akampakata mtoto, akakifungua upande wake. Kilikuwa Kiswahili kitupu, maneno tunayoyasema kila siku, nami nilikuwa nimeyatazama miezi yote ile bila ya kujua yananiambia nini. Akasoma kwa sauti yake ya skuli. Hapo zamani palikuwa na mtoto aliyependwa sana na mama yake. Mama yake akafa.

Kidole chake kilikuwa juu ya tuta.

"Hilo tuta la muhogo," mtoto akasema.

"Ni kaburi. Kaburi la mamake. Kama la mamako."

Wifi akaendelea. Baba akaoa mama wa kambo mwenye roho mbaya, mama wa kambo akampa mtoto ndoo mbovu akateke maji msituni, kizee wa kisimani akamwonea huruma akampa nguo ya dhahabu, mama wa kambo akaachama kwa husuda. Alipofika ukurasa wa mwisho alipandisha sauti ili ifike barazani. Baba alipoyajua yote akamfukuza mama wa kambo, naye akaenda zake katika theluji, asionekane tena.

"Theluji ni nini?" mmoja akauliza.

"Ni kitu cha Ulaya."

"Si chumvi?"

"Si chumvi," akasema, na zaidi ya hapo hakuwa na la kuwaeleza, maana na yeye hakupata kuiona. Akafunga kitabu akakiweka juu ya magoti yangu. "Nilikuletea kwa makusudi, wifi. Nilidhani utajifunza."

Hapo ndipo nilipolielewa lile tabasamu. Alikwenda dukani akachagua, akalipa, akanibebea matusi mpaka nyumbani kwangu ili niwasomee watoto kwa kinywa changu. Nikamtazama mume wangu kupitia mlangoni. Alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa anatafuta mkasi uliokuwa mapajani mwake.

Baada ya siku ile sikuwa na raha hata ya kwenda kisimani. Watoto wale wale niliokuwa nikiwapa muhogo wa kuchoma waliniona napita, wakageuka wakatembea kinyumenyume mbele yangu, wakiulizana iko wapi chumvi. Mama zao walisikia, wakaficha vicheko kwenye kanga. Hayo ningeyavumilia. Lakini neno mama lilikoma nyumbani kwangu siku ile ile. Mtoto alirudi kusimama kando ya mtungi.

Tena akaanza jambo jipya lililonitia uchungu zaidi. Akawa ananichunga. Baba yake akinyoosha mkono, hata kama anatungua uzi ukutani au anampungia mpita njia, mtoto huacha lolote alilokuwa akilifanya, hata awe mbali uani, akaja mbio kusimama karibu nami, akamkazia macho baba yake. Nikasema, huyu anangoja kuniona ninatolewa. Anataka awe karibu asikose hata kidogo. Nikamnunia. Nikampa chakula bila ya kumtazama, nikamsuka kwa kuvuta. Na kwa wifi nilikuwa na chuki ambayo ilinifanya niongee peke yangu jikoni, nikimjibu maneno ambayo siku ile sikuwa nayo.

Hakukawia kurudi. Safari hii alikuja na gauni jipya la mtoto na viatu vya mkanda, akakaa barazani pamoja na kaka yake, wakaniita. Alisema wameshazungumza, mtoto atakwenda naye Dar, atatiwa skuli, na basi linaondoka baada ya adhuhuri. Nikamuuliza mume wangu kama ni kweli wamezungumza. Akasema ni kweli, ila yeye anaona mtoto mwenyewe aulizwe. Mtu mzima, mwenye ndevu, akaushika mzigo wake akamtwika mtoto asiye na meno.

Akaitwa. Wifi akamwonyesha viatu. Baba yake akamuuliza anataka kukaa hapa au kwenda na shangazi yake. Mtoto hakuvitazama viatu. Aliitazama mikono ya baba yake, iliyolala juu ya cherehani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Nitakwenda na shangazi," akasema.

"Umesikia," wifi akaniambia.

Nikaingia ndani. Nikatandika kanga sakafuni nikaanza kuzitupia nguo zake, na kila nguo niliifua mimi, na nyingine niliiziba mimi mwenyewe matundu yake. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuwagawia wote watatu. Mtoto akaja peke yake akasimama. Nikafunga bunda kwa kulikaza, nikamuuliza bila ya kumtazama, "Nimekukosea nini mimi?"

"Hujanikosea."

"Kama sijakukosea, mbona unaniacha?"

Alichungulia mlangoni kwanza, kisha akaja sikioni kwangu. "Kwenye kitabu mtoto hakuondoka. Alibaki nyumbani, ndiyo maana baba yake akamfukuza mama. Mimi nikienda, baba hatakufukuza."

Nililiacha bunda sakafuni. Nikainuka, nikapita ukumbini, nikaufunga mlango wa barazani, nikautia komeo, na mume wangu nikamwacha huko huko nje pamoja na dada yake.

Wakagonga. Wifi aligonga kwa ngumi. "Fungua, wewe mwanamke. Huyo mtoto wa kaka yangu."

"Mwanangu hatoki," nikasema.

"Fungua, mke wangu," mume wangu akasema, "watu wanatutazama." Nikamwambia watazame, macho ni yao. Kweli walikuwa wakitazama, nilisikia minong'ono ya mtaa mzima, na yule bibi wa mikia akikohoa. Ndipo wifi akapaza sauti, si kwangu tena, kwa kaka yake. Alisema, "Unaona ulichokioa? Mfukuze. Mfukuze leo hii, mbele yangu, mfukuze."

Mtoto aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Tulisimama nyuma ya mlango ule. Nilimjua mume wangu. Nilijua neno analowajibu watu, na nililingoja nikiwa nimeshikilia komeo.

Nikasikia wifi akivuta pumzi ili aseme tena. Kisha nikamsikia mume wangu, kwa sauti yake ile ile ya kila siku, wala hakuipandisha, "Dada, basi litakuacha."

Wifi alisema mengi baada ya hapo. Mimi sikuyasikiliza. Mtoto aliuachia mkono wangu, akarudi chumbani, akalikalia bunda, akaanza kulifungua fundo kwa meno machache aliyokuwa nayo. Likafunguka. Akatoa nguo ya juu, akaikunja vibaya, akaniuliza, "Mama, hii niiweke wapi?"